Ngeli Tunazisahihisha, Adabu ya Mazungumzo Tunainyamazia

Mgeni anayejifunza Kiswahili hapa Moshi akisema "kitabu yangu", mtu aliye karibu atamwambia kwa upole "kitabu changu", naye atarudia, na mambo yataishia hapo. Akimwambia mzee aliyemkuta barazani "nataka kiti", hakuna atakayemsahihisha. Atapewa kiti, ataambiwa karibu sana, na jioni, akiwa ameshaondoka, watu watasema kwamba yule kijana hana adabu. Makosa yote mawili yametokana na kutojua, lakini la kwanza tunalihesabu kuwa la lugha na la pili tunalihesabu kuwa la tabia. Hoja yangu ni kwamba katika kosa hili la pili tumewaacha wajifunzaji peke yao, tena tumefanya hivyo kwa jina la ukarimu.

Wanaisimu waliliona jambo hili zamani. Mmarekani Dell Hymes, katika maandishi yake ya mwaka 1972 kuhusu umilisi wa mawasiliano, alisisitiza kwamba mtu anayeijua lugha anajua zaidi ya kanuni za sarufi: anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, aseme nini na nani, mahali gani na kwa namna gani. Mwaka 1983 Mwingereza Jenny Thomas aliongeza jambo ambalo kila anayepokea wageni angepaswa kulifahamu. Sarufi ikiharibika, msikilizaji hutambua mara moja kwamba mzungumzaji bado anajifunza, na humsamehe. Lakini mtu anayezungumza kwa ufasaha akikosea namna ya kuomba au ya kukataa, msikilizaji halioni kosa la lugha hata kidogo. Anachokiona ni mtu mkali, mwenye dharau, au mnafiki. Kwa hiyo hatari huongezeka kadiri mjifunzaji anavyoendelea vizuri. Mgeni wa wiki mbili anayebabaika huvumiliwa na kila mtu, kuanzia kondakta wa daladala hadi mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni. Mgeni wa miezi minane, anayepanga vipatanishi vyake bila kuteleza, ndiye anayepoteza marafiki pasipo kujua sababu.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka ishirini iliyopita. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Arusha, yenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inapokea watu wanaohitaji lugha ya kushawishia, kupinga, kuahirisha na kupatanisha. Kiswahili cha kuagizia chai hakiwatoshi.

Tuchukue hali ya kawaida kabisa. Binti anakaa na familia moja ya mtaa wa Pasua, hapa Moshi, kwa ajili ya mafunzo. Jumatano jioni, wakiwa jikoni wanachambua mchicha, anamwambia mwenye nyumba, "Mama, Jumamosi twende wote Marangu tukaone maporomoko." Mama anajibu, "Marangu! Huko kuzuri, mwanangu, hasa asubuhi. Basi tutaona, Mungu akipenda." Kisha anauliza kama chumvi imebaki. Jumamosi saa mbili asubuhi binti ameshavaa viatu vya kutembelea na ameshika chupa ya maji, naye mama anatoka na kitenge chake kuelekea kwenye kikao cha vikoba. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo binti atawaandikia wenzake kwamba watu wa hapa hawatimizi ahadi, na mama atashinda akijiuliza mtoto huyu amenunia nini.

Mtu aliyekulia katika lugha hii angesikia jibu lile kuwa ni la kukataa, na sababu zake zinaweza kuelezwa. Aliyekubali safari huanza kuuliza mambo ya safari: tutaondoka saa ngapi, gari tutapandia wapi, tubebe chakula au tutakula hukohuko, watoto watabaki na nani. Asiyeweza kwenda hulisifia wazo, humkabidhi Mungu siku yenyewe, halafu huhamisha mazungumzo. Maneno "Mungu akipenda" peke yake hayathibitishi lolote, kwa kuwa hata anayekubali kwa moyo wote huyatamka. Tofauti iko katika kinachoyafuata. Yakifuatwa na swali kuhusu nauli, safari ipo. Yakifuatwa na chumvi, safari haipo, na mwenye busara hulirudia ombi siku nyingine kwa njia ambayo itampa mwenzake nafasi ya kutaja kizuizi chake: "Mama, naona wiki hii una mambo mengi?" Somo hili linahitaji nusu saa tu ya darasani. Halihitaji kipaji wala miaka ya kuishi uswahilini, ila linahitaji mtu aliyekaa akatafakari namna sisi wenyewe tunavyosikilizana.

Ndivyo ilivyo pia kwa ukaribisho wa chakula. Fundi anayekula kiporo chake nje ya karakana humwambia kila apitaye "karibu", na jibu linalotarajiwa ni "asante, endelea". Nyumbani mambo ni tofauti: ukaribisho hurudiwa, kiti husogezwa, maji ya kunawa huletwa, na hapo anayekataa bila kuonja hata kidogo huacha simanzi nyuma yake. Anayemfundisha mgeni neno "karibu" bila kumwonyesha mahali panapotofautisha ukaribisho mmoja na mwingine amemfundisha nusu ya neno.

Arusha ina historia yake ya pekee katika suala hili, nayo nashangaa kwamba haitajwi na wanaofundisha lugha mjini humo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilisikiliza kesi zake katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Tarehe 2 Septemba 1998 ilitoa hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kwa hukumu hiyo ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ndani ya hukumu hiyo, kabla ya kupima ushahidi, majaji walitenga sehemu ya kueleza tatizo la lugha. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao yaliwafikia majaji kwa Kifaransa na Kiingereza kupitia wakalimani. Mahakama ilimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, akieleza maana za maneno na namna Wanyarwanda wanavyojibu maswali.

Maelezo yake yaliyomo katika hukumu yanastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Alieleza kwamba katika utamaduni wa Rwanda watu hawajibu maswali moja kwa moja kila wakati, hasa swali likiwa gumu au la aibu, na kwamba jibu la namna hiyo haliwezi kueleweka sawasawa pasipo kuzingatia muktadha, jamii ya wazungumzaji, uhusiano kati ya anayesema na anayesikiliza, pamoja na jambo linaloulizwa. Majaji wenyewe waliliona hilo mbele yao: mashahidi walisita kutaja maana ya kawaida ya neno "inyenzi", yaani mende, neno ambalo lilitumiwa kuwadhalilisha Watutsi, ingawa kila Mnyarwanda aliijua maana hiyo. Mahakama ikaamua kwamba kusitasita au kuzungukazunguka katika kujibu hakutatosha peke yake kumfanya shahidi ahesabiwe kuwa mwongo.

Hebu tulifikirie hilo kwa makini. Majaji wa ngazi ya juu kabisa, wenye wakalimani waliofuzu, walitambua kwamba wasingeweza kumwelewa mtu kwa kusikia maneno yake tu. Walihitaji mtu wa kuwafafanulia desturi ya kuzungumza. Walipopata ufafanuzi walijizuia kuhukumu tabia ya mtu kwa namna yake ya kujibu. Mjifunzaji anayetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na begi lake hana Ruzindana wake, na sisi wenyeji wake, kwa upande wetu, hatujizuii kama walivyojizuia wale majaji. Siku moja inatosha kwetu kumpa mtu jina la mwenye kiburi.

Najua jibu litakalotolewa: lugha hujifunzwa kwa kuishi na watu, na mambo haya mtu huyaokota taratibu. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linasahau jinsi sisi wenyewe tulivyoyaokota. Mtoto wa hapa hakuzaliwa akijua kuamkia. Alisukumwa mgongoni mbele ya wageni na kuambiwa, "Msalimie shangazi. Umesemaje? Sema shikamoo." Alipodakia maneno ya wakubwa alikatazwa, alipopokea kitu kwa mkono wa kushoto alikumbushwa, na alipoomba vibaya alinyimwa mpaka aombe vizuri. Mafunzo hayo yalikuwa ya wazi, ya kila siku, na yalidumu miaka. Mtu mzima anayekuja kujifunza hapati hata moja ya hayo, kwa sababu ni aibu kumkanya mtu mzima, na ni aibu zaidi kumkanya mgeni. Badala yake anapewa sifa. "Unajua Kiswahili sana!" anaambiwa baada ya sentensi mbili, na sifa hiyo, ambayo nia yake ni njema kabisa, humfungia mlango wa kuuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sehemu mojawapo ya kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ni kuambiwa unapokosea.

Kuna mahali ambapo ukimya huu una gharama kubwa kuliko manung'uniko ya barazani. Wanafunzi wa udaktari kutoka nje hufika katika hospitali za mikoa hii, na wengi wao hujitahidi kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anamwinamia bibi aliyelala kitandani na kumwuliza, "Bibi, unaendeleaje leo?" Bibi anajibu, "Namshukuru Mungu, mjukuu wangu, sijambo kidogo." Mwanafunzi anaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Muuguzi anayekuja baada yake halipokei jibu hilo kuwa habari ya ugonjwa. Analipokea kuwa salamu iliyojibiwa, na sasa ndipo anapoanza kuuliza. "Na usiku umelalaje? Uji umeshuka? Ule upande wa jana vipi?" Hapo bibi anavuta pumzi na kusema kwamba tangu alfajiri hajaweza kugeuka. Bibi hakuficha kitu. Aliulizwa hali kwa maneno ya salamu, akajibu kwa maneno ya salamu, na maumivu yake yalikuwa yanasubiri swali lao. Mwanafunzi anayeelezwa utaratibu huu mara moja, kwamba swali la kwanza ni la heshima na la pili ndilo la kazi, hausahau tena. Asiyeelezwa anaweza kumaliza mafunzo yake yote akiamini kwamba wagonjwa wa Kilimanjaro ni wavumilivu kupita kiasi.

Tusisahau pia kwamba wajifunzaji hawafanani. Wapo watu, wakiwamo wengi wenye usonji, ambao hata katika lugha yao ya kwanza huona ugumu kukisia jambo lisilosemwa waziwazi, kutambua utani, au kujua kwamba mwenzao anataka mazungumzo yafike mwisho. Watu hawa wanapojifunza lugha ya pili katika jamii inayothamini kauli za kuzunguka, mzigo wao ni mkubwa maradufu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: kila upande unashindwa kuusoma mwingine, lakini lawama huangushiwa upande mmoja. Nakubaliana naye, na ninaona kwamba hoja yake inawafaa wajifunzaji wote wa lugha. Msaada kwa mtu wa namna hii hauna siri. Mwambie mambo waziwazi na mapema, ikiwezekana kwa maandishi, usimpime kwa mafumbo, na mruhusu aulize "hapo umekubali au umekataa?" bila kumwona mkorofi. Darasa linalofanya hivyo kwa ajili ya mmoja linawanufaisha wote, kwa kuwa wengine nao walikuwa wanahitaji kuuliza ila waliona haya.

Wala wajifunzaji si wazungu peke yao. Katika vijiji vya Monduli na Longido wapo watoto wanaokutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kwa uzito darasani, wakitoka katika nyumba zinazozungumza Kimaasai. Mtoto wa Kimaasai anayemheshimu mkubwa humwinamishia kichwa ili aguswe utosini. Mwalimu mgeni wa eneo hilo, anayesubiri kusikia "shikamoo", anaweza kumwona mtoto aliyeinama kimya kuwa mkaidi au mwoga, kumbe mtoto ametoa salamu kamili na ndiye anayesubiri kuitikiwa. Ni haki mtoto huyo afundishwe shikamoo. Ni haki pia mwalimu akinyoshe kile kiganja chake kwanza.

Darasani, mabadiliko ninayoyapendekeza yanaanza na vitu vidogo. Mwalimu arekodi mazungumzo halisi kwa ruhusa ya wenyewe, ya dukani, ya stendi, ya kwenye simu, ayasikilizishe darasa, na asimamishe kabla ya jibu. Kisha aulize nani mkubwa hapo, nani anahitaji nini, jambo lenyewe limetajwa au bado, na wewe ungejibu vipi. Mazungumzo ya simu yanafaa sana kwa zoezi hili, kwa sababu kuaga kwetu kuna ngazi zake. Mjifunzaji akishapata habari aliyoitaka husema asante na kukata, na aliyeko upande wa pili hubaki ameshika simu akidhani mtandao umesumbua. Alikuwa anasubiri "haya", halafu "sawa basi", halafu "wasalimie nyumbani", naye aitikie "zimefika", ndipo simu ikatwe kwa amani. Nimewaona watu wazima wakifurahi waziwazi wanapoonyeshwa mpangilio huo, kwa kuwa kwa miezi mingi walihisi kwamba wanawaudhi watu na hawakujua ni wapi.

Jambo jingine ni kutoa majibu zaidi ya moja. Kumkaririsha mtu kauli moja ya adabu kwa kila hali humfanya azungumze kama tangazo la redio. Afadhali aonyeshwe kwamba dukani anaweza kusema "nipe", "nipatie", "naomba", au "nilikuwa naomba", na aelezwe kila mojawapo inavyosikika kwa muuza duka wa rika lake, kwa mama wa makamo, na kwa mzee. Baada ya hapo uchaguzi ni wake. Thomas alilisisitiza hilo, na ni suala la utu: mtu mzima ana haki ya kuwa mkali au mpole katika lugha ya pili kama alivyo katika ya kwanza, ilimradi awe mkali kwa kukusudia. Upimaji nao ufuate mkondo huo. Mfumo wa Baraza la Ulaya wa viwango vya lugha, uliotolewa mwaka 2001 na unaotumiwa na kozi nyingi duniani, unacho kipimo cha kufaa kwa lugha katika mazingira ya kijamii. Kozi zinazojipima kwa viwango vya mfumo huo, kama A1 au B2, haziwezi kudai kwamba jambo hili liko nje ya kazi yao.

Lakini darasa ni saa chache, na nyumba ndiyo inayobeba siku. Familia zinazopokea wajifunzaji kwa kawaida hulipwa kwa ajili ya kitanda na chakula, wakati kazi ya kumfafanulia mtu mazungumzo ya siku nzima hufanywa bure au haifanywi kabisa. Taasisi zinazopeleka watu majumbani ziihesabu kazi hiyo kuwa kazi, ziilipe, na ziwaandae akina mama na akina baba wenyeji kuifanya. Maandalizi hayo yaanze na ruhusa, kwa sababu mama wa Pasua hatamsahihisha mgeni wake mpaka aombwe. Mjifunzaji afundishwe kusema katika wiki ya kwanza, "Mama, nikisema jambo vibaya naomba uniambie tukiwa wawili, sitaona vibaya," na alirudie ombi hilo mwezi wa pili, kwa maana la kwanza litachukuliwa kuwa maneno ya heshima tu. Mama naye aelekezwe kuuliza maswali mahususi baada ya chakula cha jioni. Swali la "umeelewa?" halifai, kwani mtu mwenye adabu huitikia ndiyo. Amwulize mjifunzaji ni nani leo alimjibu kwa namna iliyomwacha na wasiwasi, mtu huyo alitumia maneno gani hasa, na baada ya kuyasema alifanya nini.